Sinema za Jumatatu

Niliondoka Durban asubuhi moja kwa sababu niliamka kabla ya wenzangu na mlango ulikuwa wazi. Sababu nyingine sikuwa nayo. Nilikuwa nimekaanga chipsi kwenye stendi ya teksi, zile daladala za huku, kwa miezi saba na nilishajua kila kitu ambacho mafuta ya moto yanaweza kumfundisha mtu. Nikavaa viatu, nikajiambia naenda dukani kununua mkate. Dukani nikapita. Stendi nikapanda gari la kwanza lililokuwa karibu kuondoka. Kufika mchana nilikuwa nje ya Park Station, Johannesburg, na mfuko wa plastiki wenye shati moja, na katika jiji lile zima hakuna aliyekuwa akinisubiri. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Shule niliiachia Kigoma nikiwa kidato cha pili, wala si kwa kufukuzwa: siku hiyo njiani kulikuwa na watu wanachimba kisima, nikasimama nione maji yatatokea wapi. Kesho yake nikarudi kuona tena, na baada ya wiki nilikuwa nachimba nao. Mpaka leo ndivyo nilivyo. Nikisikia sauti nyuma ya ukuta, nazunguka ukuta.

Naandika haya kwa sababu mwezi uliopita mtu mmoja wa zamani wa Joubert Park alinitumia picha ya harusi, bila maneno mengine zaidi ya “Umeona?” Nimeona. Ni wanaume wawili, Cape Town. Mmoja ni mtu mrefu mwenye ndevu zilizoanza mvi, simjui. Mwingine ni Trésor. Trésor amenenepa. Amevaa suti ya rangi ya mchanga na shingoni ameninginiza kitambaa cha kitenge, maana hata siku ya harusi yake asingekubali kuonekana kama karani. Niliikuza ile picha kwa vidole viwili nikapita uso hadi uso, kama tulivyotafuta majina yetu kwenye karatasi ya matokeo ya darasa la saba. Nilijua simo. Mtu anaweza kujua kwamba amefeli na bado akaisoma karatasi mpaka chini.

Siku ile ya kwanza nilipanda ngazi za jengo moja linalotazama bustani ya Joubert kwa sababu nilisikia Kiswahili dirishani. Chini kulikuwa na duka la simu, na ng'ambo ya barabara wapiga picha wa bustanini walikuwa wakigombea wachumba wa kuwapiga. Juu, ghorofa ya kwanza, ilikuwa saluni. Wanawake sita hivi walikuwa wamekaa, wengine chini ya drayer za kukaushia nywele, wengine vichwa nusu vimesukwa, na wote wakitazama sinema ya Kiingereza kwenye runinga iliyotundikwa ukutani. Mmoja akapaza sauti: “Lakini huyu anasema nini? Kwa nini analia?” Nikasimama mlangoni nikaanza kuwaeleza.

Kwetu Kigoma kulikuwa na kibanda umiza, chumba cha mabati ambamo watu walitazama picha za nje, na pembeni ya runinga alikaa mtu mwenye kipaza sauti akiwatafsiria. Huyo tulimwita DJ. DJ hajui Kiingereza chote, anajua watu. Huwapa wahusika majina na maneno ya mtaani: jambazi anakuwa mwenyekiti wa mtaa, mke mwenye wivu anakuwa muuza maandazi wa pale nje. Na anayechekwa, kama yumo ndani, anatakiwa acheke kuliko wote. Sheria ni hiyo. Nilikaa miguuni pa DJ wetu miaka miwili, na alipokwenda kukojoa nilishika kipaza sauti.

Basi pale mlangoni nikamgeuza mwanamke aliyekuwa analia kuwa mke wa mchungaji aliyekuta wigi ya mwanamke mwingine ndani ya gari. Saluni ikalipuka. Mama mmoja mnene wa Bukavu, aliyevaa aproni na miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani, alinigeukia.

“Weye, unatoka wapi?”

“Kigoma, mama.”

“Na jina yako?”

“Ameshasema, Mama Safi,” alidakia kijana aliyekuwa akisuka kona ya dirishani, bila kuinua macho kwenye kichwa alichokuwa nacho. “Jina ni Kigoma. Mi nalipenda. Hata uso wake ni kama kituo ya mwisho ya treni.”

Walicheka kuliko mimi nilivyowachekesha. Huyo alikuwa Trésor. Mama Safi, ambaye saluni ilikuwa yake, alinipa sahani ya ugali, sombe, yaani kisamvu cha kwao, na dagaa, akanitazama nikila, kisha akasema kuna nafasi chumba cha nyuma kwa mtu ambaye atafagia nywele, atafua taulo, na Jumapili baada ya ibada atawatafsiria watu sinema. Chumba cha nyuma alikuwa akilala Trésor. Wakatundika pazia la kitenge katikati, yeye upande wa dirisha, mimi upande wa masufuria, na hivyo nikapata kazi, chakula na ugonjwa katika alasiri moja.

Nimejaribu mara nyingi kueleza Trésor alikuwaje, na kila mara namfanya aonekane mwema, kitu ambacho hakuwa. Alikuwa na vidole virefu na mdomo usio na mlinzi. Wanawake walitoka hata mtaa wa Yeoville kuja kutukanwa naye. “Nywele zako za mbele zimekimbia vita, mama,” alimwambia mteja mmoja. “Mi si shirika la wakimbizi, siwezi kuzirudisha.” Yule mama alicheka mpaka akashika tumbo, na wiki iliyofuata alimleta dada yake atukanwe pia. Alipokuwa akifanya kazi alizungumza habari za Bukavu, asubuhi, ukungu ukiwa bado juu ya ziwa, kabla jua halijatoka, na kila kizuri alikipima kwa hiyo asubuhi. Chai nzuri ilikuwa Bukavu asubuhi. Blanketi jipya lilikuwa Bukavu asubuhi. Wanawake wa saluni walishaichoka, wakawa wanamalizia wenyewe: “Mbele jua itoke!”

Jumatatu saluni ilifungwa. Mteja mmoja wa Trésor, mwanamke aliyefanya kazi za televisheni, alimpa flashi iliyojaa sinema akamwambia, “Hizi zitakuchekesha.” Zilikuwa sinema za kuchekesha za mapenzi kati ya wanaume. Trésor aliziwasha Jumatatu moja ya baridi kali, mapazia yamefungwa, hita ya waya mbili miguuni, na baada ya dakika tano akasema: “Kigoma, njoo. Mi nasikia Kifaransa tu na hawa watu hawana huruma.” Nikakaa kwenye kiti cha kuoshea nywele, yeye kwenye kile cha wateja, nikaanza kutafsiri kwa sauti ya chini, kwa ajili ya mtu mmoja.

Wakati ule sikuwa na neno la kujiitia. Maneno niliyokuwa nayo yalikuwa ya matusi, na sikutaka kuyavaa. Nchi hii inawaruhusu wanaume kuoana. Kila mtu alijua. Lakini sisi hatukuishi katika nchi hii. Tuliishi katika jengo la ghorofa kumi na moja ambamo kila mlango ulikuwa umeleta sheria zake kutoka kwao. Trésor naye hakuniambia kitu. Aliwasha tu sinema, akanitazama kwa pembe ya jicho nilipofikia busu la kwanza, nami nikalitafsiri kwa sauti ileile kana kwamba natangaza hali ya hewa. Akatabasamu. Mazungumzo yetu juu ya jambo hilo yaliishia hapo.

Sinema zile zilifanana. Kuna kijana mchangamfu, na kuna rafiki yake anayeishi naye nyumba moja, anayemsikiliza, anayemlisha akiwa na homa. Mchangamfu anampenda mtu mwenye kifua. Rafiki anampenda mchangamfu na hasemi. Kila mmoja anamkosea mwenzake kwa njia ya kuchekesha. Mwisho kuna uwanja wa ndege au harusi ya mtu mwingine, na mtu anakimbia. Nilizipenda kwa namna ambayo sijawahi kupenda kitu. Shida ilikuwa moja: katika nyingi, rafiki hashindi. Rafiki hupewa kumbatio. Huambiwa yeye ni wa maana sana, kisha husimama pembeni akipiga makofi, na mara nyingine mwandishi humwonea huruma, mlangoni anatokea mtu mgeni kumtabasamia ili watazamaji warudi nyumbani na amani.

Nilirekebisha. Mwanzoni kidogo tu, kama mtu anayeongeza chumvi. Rafiki aliposema, “Nakutakia heri,” mimi nilisema, “Siku moja utanigeukia.” Mchangamfu alipojibu, “Wewe ni kama ndugu yangu,” mimi nilisema, “Kwa nini sikukuona?” Kufika sinema ya nne nilikuwa nawafungisha ndoa watu waliokuwa wanaagana. Picha zilinipinga, maana mara nyingine rafiki huyo alionekana akiondoka peke yake na sanduku, ila nilisema anakwenda kutafuta nyumba yao mpya. Trésor alitazama, akatafuna karanga, akacheka palipostahili. Jumatatu moja aliniuliza:

“Mbona kila filme rafiki njo anashinda?”

“Ndivyo mapenzi ya huko yalivyo,” nilisema.

“Basi huko kuko muzuri. Kwetu rafiki anabeba tu mizigo.”

Akaegemeza kichwa begani kwangu, akacheka, akakiacha hapo mpaka sinema ilipokwisha. Hita ilikuwa inaniunguza mguu wa kushoto na sikuusogeza. Nina kovu. Kwa miezi minne nilifua taulo zake, nilimpashia maji, nilimnunulia dawa ya kifua, nikingoja uwanja wa ndege.

Kisha akaja Edwin. Edwin alikuwa Mkenya, mtu wa benki kule Sandton, mwenye gari safi na sauti ya kumwomba kila mtu radhi. Alimleta mchumba wake kusukwa, kwa kuwa wanawake wa kanisa lao walikuwa wamemwambia hakuna mikono kama ya Trésor mjini. Kazi ilichukua saa tano. Edwin alikaa saa zote tano. Wiki iliyofuata alirudi bila mchumba, akisema amesahau mwavuli, na mvua haikuwa imenyesha tangu mwezi uliopita. Jumatatu ya pili alikuwa amekaa kwenye kiti cha kuoshea nywele, kile changu, na mimi nilikuwa nimesimama.

Sinema ilifika pale rafiki anaposimama kwenye ngazi, mvua inamnyeshea, amemaliza subira. Nikatafsiri: “Nimekungoja miaka kumi.” Kisha jibu la mchangamfu: “Na mimi vilevile.”

“Boss,” Edwin alisema polepole, “hajasema hivyo.”

“Amesema nini?” Trésor aliuliza.

“Huyu amesema, ‘Nimekungoja miaka kumi.’ Na yule amejibu, ‘Sikukuomba ungoje.’”

Trésor akasimamisha picha. Akairudisha nyuma. Edwin akatafsiri tena, na safari hii akaongeza, kwa ile adabu yake, kwamba Kiingereza cha watu hao kina haraka na mtu anaweza kukosea. Trésor hakutaka adabu. Alirudisha sinema tuliyoipenda zaidi, kisha nyingine, na alasiri nzima Edwin aliwafungua mmoja mmoja watu niliokuwa nimewafunga. Ilionekana kwamba katika sinema zote nane rafiki alishinda mara moja, na hiyo moja nilikuwa nimeilalia usingizi.

“Kigoma!” Trésor alilia kwa kicheko, machozi yanamtiririka. “Pasta Kigoma! Umefungisha ndoa ya watu hawakusalimiana!”

Nilicheka pia. Anayechekwa anatakiwa acheke kuliko wote. Edwin alipoteremka kwenda kwenye gari, Trésor alijifuta macho kwa taulo niliyofua mimi, akaniambia kwa upole, na upole huo ndio uliokuwa mbaya:

“Mi nilijua. Tangu filme ya pili. Midomo yao inasema kitu kifupi, weye unasema kitu kirefu.”

“Kwa nini hukusema?”

Alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kweli akiulizwa. “Ya kwako ilikuwa tamu kuliko ya kwao,” alisema. “Na pia, ndugu yangu, mutu anayependa anafua vizuri.”

Leo naweza kulisikia hilo kama mzaha wa kijana wa miaka ishirini na nne aliyekuwa na furaha na hakujua aiweke wapi. Siku ile nililisikia kama lilivyosemwa. Na sidhani nilikosea. Trésor alikuwa amenitumia, alijua anachotumia, na alikiona kuwa cha kuchekesha. Lakini kama kuna mtu anasoma haya akiwa upande wangu, afadhali asogee kidogo, maana nafika sehemu yangu.

Pazia la kitenge halizuii sauti. Kila alfajiri, nikibandika maji, nilimsikia Trésor akiongea na simu kwa sauti ya blanketi. Sikutega sikio, sikio langu limetegwa tangu kuzaliwa. Nilimsikia akimwambia Edwin kwamba yeye ni baridi ya Bukavu asubuhi mbele jua itoke. Nilimsikia akisema, “Ukimwoa, unioe na mimi kwa siri, hata kwa kidole kidogo.” Nilimsikia akimwomba amtajie jina lake mara tatu kabla ya kukata, na akihesabu: moja, mbili, tatu. Mambo ya namna hiyo mtu huyasema kwa sababu anadhani yamezikwa. Niliyakusanya wiki nzima kama mtu anayeokota kuni.

Jumapili ile saluni ilijaa. Walikuja kutoka ibadani na nguo zao, watoto wakiongea Kizulu wao kwa wao, wanaume wakiwa wamevua koti, Mama Safi akigawa wali na maharage kwenye sahani za plastiki. Edwin alikuwepo na mchumba wake, nywele zake zikiwa kazi ya Trésor, zinang'aa. Trésor alizunguka na jagi la maji ya kunawa. Sinema ilikuwa ya kawaida kabisa, ya bwana mmoja, bibi mmoja na harusi inayoharibika. Nilishika kipaza sauti. Bwana wa kwenye picha alipopiga simu kwa mpenzi wake, nilimpa sauti ya Trésor.

Nilikuwa na kipaji hicho. Sijasikia mtu mwingine aliyeweza kumwiga hivyo. Kiswahili chake cha Bukavu, ile pumzi ndogo kabla ya neno tamu, yote. “Weye ni baridi ya Bukavu asubuhi,” nilisema, na kabla sijamaliza saluni nzima ikaitikia kwa furaha, kama kanisani: “Mbele jua itoke!” Walicheka, wakamgeukia Trésor, naye akacheka, maana sheria ni hiyo. Alidhani ni mzaha wa kawaida. Akamnawisha mzee mmoja mikono. Nikaendelea. “Ukimwoa, unioe na mimi kwa siri, hata kwa kidole kidogo.” Maji yakamwagika kwenye viatu vya yule mzee. “Nitajie jina langu. Moja. Mbili.” Na hapo, bwana yule wa kwenye picha alipokuwa bado na simu sikioni, nikamjibia yule wa upande wa pili, kwa sauti ya kuomba radhi, Kiswahili cha Nairobi kilichopigwa pasi: “Trésor. Trésor. Boss, mchumba wangu ameamka, wacha nikate.”

Nilifurahi. Sitasema uongo hapa. Kwa muda wa kumeza mate mara moja nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Johannesburg.

Kicheko hakikukatika mara moja. Kilikatika mtu mmoja mmoja, kama taa za jengo umeme unapopungua. Mtu wa nyuma alisema lile neno, msenge, kwa sauti ya kujaribu. Mwingine akasema, “Eish, Kigoma.” Mchumba wa Edwin aligusa nywele zake kwa mkono mmoja, akaushusha mkono, akautazama. Edwin alisimama, akaweka sahani kwenye kiti, akamshukuru Mama Safi kwa chakula, akamwambia mchumba wake kwamba watachelewa. Hakumtazama Trésor hata kwa bahati mbaya. Waliteremka. Sijui aliambiwa nini ndani ya lile gari safi, ila najua walioana, na najua simu ya Trésor haikujibiwa tena, kwa sababu alfajiri zote zilizofuata niliisikia ikiita.

Trésor alimaliza kunawisha watu waliobaki. Wawili walikataa maji yake, wakafuta mikono kwenye suruali. Watu walipoondoka aliosha sahani zote, akazipanga, akapita mbele yangu akisema: “Umenifanya muzuri. Sauti ilikuwa yangu kabisa.”

Jumanne walikuja wazee wa kanisa wanne, wakamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe cha kusukia, wakamwekea mikono kichwani kwa saa tatu. Wateja walisubiri kwenye ngazi. Maombi yalipokwisha waliingia wakampa vichwa vyao, kwa kuwa hakuna mikono kama ile, na juu ya vidole vyake walizungumza habari zake kana kwamba hayupo. “Tusije tukaambukizwa kupitia nywele,” alisema yule mama ambaye nywele zake za mbele zilikuwa zimekimbia vita, na akaagiza asukwe ndogondogo. Trésor alisuka. Mdomo ule usio na mlinzi ulifungwa, na kila aliyekaa kwenye kiti chake alifurahia kidogo kwamba umefungwa.

Mimi Mama Safi aliniita jikoni. Nilitegemea mahubiri juu ya Trésor.

“Mi nilijua huyu mutoto tangu siku alipanda hizi ngazi,” alisema. “Unadhani mi kipofu? Pasta anajua. Mama yake kule Bukavu anajua. Kitu ya kujulikana haina shida, Kigoma. Mutu anaikunja, anaiweka chini ya kitanda, anaendelea kupika. Weye umeiweka kwenye mikro, kipaza sauti. Sasa wote tunalazimika kuwa watu ambao hawakujua, na mutu ambaye hakujua lazima akasirike.”

“Mama, nisamehe.”

“Trésor anabaki. Mikono yake inalisha watoto wangu. Mdomo yako inalisha nani?”

Nikaenda nyuma ya pazia kufunga mfuko wangu. Katika ile picha ya harusi Mama Safi amekaa mstari wa mbele, kilemba cheupe, anacheka na meno yote. Aliwaita wazee wanne waombe juu ya kichwa cha Trésor, na miaka mingi baadaye alipanda basi usiku kucha kwenda kucheza kwenye harusi yake. Watu husamehewa. Nimeitazama sana ile picha kwa sababu hiyo. Hata yule mama wa nywele zilizokimbia nadhani nimemwona, nyuma, chini ya kofia.

Niliondoka na mfuko wenye mashati, sasa mawili. Trésor alikuwa anasuka. Nilisimama nyuma ya kiti, kwenye kioo tukaonana, na nikangoja, nadhani nilikuwa bado nangoja mtu akimbie. Alichukua kichana, akagawa nywele, akaendelea. Nikatembea hadi stendi, nikapanda teksi iliyokuwa karibu kujaa, na ilipofika mwisho wa safari nikajua nimefika Alexandra.

Wageni wenzangu waliniogopesha juu ya Alexandra. Mashambulizi dhidi ya wageni yaliyowahi kutokea pale yalikuwa bado yanasimuliwa saluni, kwa sauti ya chini. Lakini vyumba vilikuwepo, na kwenye uchochoro wa pili nilimkuta mwanamke mzee, wote wakimwita gogo, yaani bibi kwa Kizulu, aliyekuwa na vyumba vitano vya uani na ufunguo wa kimoja shingoni. Alinihoji mlangoni kwa Kizulu, nami nikajibu kwa kile nilichokuwa nacho. Alisema yeye hamfukuzi mgeni, wakati ule hakumfukuza na leo hatamfukuza, ila hampokei mtu asiye na mtu.

“Nipe simu ya mtu anayekujua,” alisema. “Si wa kunywa naye. Anayekujua.”

Namba niliyoijua kwa moyo ilikuwa moja. Nilimtajia. Alipiga palepale, akaweka sauti nje kwa sababu masikio yake yalikuwa ya zamani. Nilisikia drayer, wanawake, kisha Trésor, na Kizulu chake alichojifunzia kwenye vichwa vya watu kilikuwa kizuri kuliko changu.

“Kuna mgeni hapa kwangu, anasema unamjua. Anaitwa Kigoma.”

Drayer ilizimwa. Nilidhani amekata.

“Namjua, gogo.”

“Ni mwizi?”

“Hapana.”

“Mlevi?”

“Hapana.”

“Ataniletea wanawake?”

Trésor alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu ile Jumapili. “Hapana, gogo. Kwa hilo lala salama. Ni msafi. Anafua vizuri sana. Mpe chumba.” Akaongeza, kama mtu anayechagua neno sahihi, si la kuumiza: “Ila mbele yake usiseme kitu ambacho hutaki mtaa mzima ukisikie.”

“Asante, mwanangu,” gogo alisema, akakata. Alinitazama kwa muda, bila ubaya, kama mtu anavyotazama kisu kabla ya kukipokea. Akatoa ufunguo shingoni akanipa.

Chumba kilikuwa na kitanda, ndoo na msumari mmoja ukutani. Nilitundika mashati yangu yote mawili kwenye ule msumari. Nje, bombani, gogo alianza kuzungumza na jirani yake, kwa haraka, wakicheka, nami nikatoka mlangoni, maana nikisikia watu wanaongea lazima nijue ni nini. Waliponiona wakanyamaza. Kisha gogo akasema, kwa sauti ya kusikika, kwamba huenda kesho mvua itanyesha.